Mama Careen wa Lizaboni

Ukitaka kumkasirisha Notburga, muulize Careen ni mtoto wa nani. Atakutazama juu mpaka chini, atakuuliza wewe mwenyewe ni mtoto wa nani, kisha atarudi kwenye cherehani yake na kuikanyaga kwa kelele mpaka ujione umezidi pale kibarazani. Ni mwanamke mfupi, mwenye ulimi usio na breki, na mtaa mzima wa Lizaboni hakuna anayemwita Notburga. Anaitwa Mama Careen. Hata kibao cha duka lake, kilichoandikwa na fundi rangi ambaye hakupima nafasi mpaka herufi za mwisho zikakosa pa kukaa, kinasema hivyo: MAMA CAREEN, SARE ZA SHULE NA VITENGE.

Mtu mmoja tu aliwahi kumuuliza swali hilo akajibiwa kwa upole. Alikuwa karani mwenye kalamu, na upole huo ndio uliokuja kumponza Notburga.

Careen alizaliwa na Oliva, dada yake Notburga, kijijini kwao Maposeni. Hilo halijawahi kuwa siri. Oliva aliugua homa siku sita, ya saba akafariki, akaacha mtoto wa miezi minane anayetambaa kumtafuta chini ya kitanda. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori ambaye mara ya mwisho alionekana akielekea Tunduru, na kama bado anaelekea, basi barabara hiyo ni ndefu kuliko tunavyoambiwa.

Siku ya kuondoa tanga, ukoo ulikaa uani kugawa vitu vya marehemu. Aliyegawa alikuwa shangazi yao, Skolastika, dada wa baba yao, mwanamke ambaye hata mapadre humpisha njia. Jembe likaenda kwa huyu, sufuria kwa yule, vitenge vikahesabiwa. Mwisho Skolastika akamwinua mtoto, akamweka mapajani kwa Notburga, akatangaza kwa Kingoni mbele ya wote kwamba kuanzia saa ile mama wa mtoto huyu ni Notburga, na anayebisha aseme. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeandika wala kusaini chochote. Wazee waliitikia, wakanawa mikono, wakala. Notburga alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na aliporudi mjini kwenye mafunzo ya kushona alikwenda na mtoto mgongoni.

Miaka ikapita. Careen alipofikisha minne, ikaja kampeni ya kuwapa watoto vyeti vya kuzaliwa. Notburga akapanga foleni tangu asubuhi, mtoto kavalishwa soksi nyeupe kana kwamba cheti nacho kina macho. Zamu yake ilipofika, karani akauliza bila kuinua kichwa, "Jina la mama?"

"Notburga," akajibu kwa upole, na majina ya baba yake mwenyewe na babu akayataja.

Hakusita, wala hakudhani anadanganya. Angemtaja nani? Nani aliyempeleka kliniki, nani aliyekesha naye alipoota meno? Karani akauliza jina la baba, akaambiwa hakuna, akapiga mstari, akagonga muhuri. Notburga akakiweka cheti kile ndani ya Biblia, akakisahau.

Beda aliingia maishani mwao akiwa na kitenge cha yadi nne, anataka shati. Alikuwa mtu wa Peramiho, ila miaka minane sasa yuko Ujerumani, muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa amekuja likizo. Shati lile lilipimwa mara tano. Majirani wakaanza kuuliza ni shati gani hilo lisilokwisha kupimwa, na mara ya tano Beda akaja na viatu vya Careen badala ya maneno. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa kanisani, mahari ikapokelewa Maposeni, Skolastika akacheza mpaka kilemba kikamtoka. Wiki tatu baadaye bwana arusi akarudi kazini kwake.

Tangu hapo ni miaka mitatu, na ukijumlisha siku walizokaa nyumba moja hazifiki miezi mitatu. Notburga ana miaka thelathini na tatu. Wateja wakija kuchukua nguo, macho yao hushuka tumboni kwake kisha hupanda haraka. Anajifanya haoni. Anataka kumzalia Beda mtoto, na zaidi ya hapo anataka mtu wa kugombana naye ana kwa ana, si kwa simu inayokatika kila akianza kuwa na haki.

Kumfuata mume kule kulitaka kwanza ajue Kijerumani kidogo na apite mtihani. Mwalimu aliyepatikana alikuwa Mzee Otto, seremala mstaafu aliyefanya kazi ujana wake wote na wamisionari. Mzee alikijua Kijerumani kweli, lakini cha karakana na cha kanisani. Akamfundisha randa, patasi, gundi na sala ya kushukuru chakula. Notburga akaenda Dar es Salaam kufanya mtihani akiwa na uwezo wa kuibariki meza na kuirekebisha mguu, lakini hawezi kununua mkate. Akafeli.

Aliyemwokoa ni Careen. Mtoto wa darasa la tano wakati huo, kichwa chepesi, akapakua masomo kwenye simu, akakata maboksi ya viatu, akaandika maneno ya Kijerumani na kuyabandika nyumba nzima: mlangoni, kwenye ndoo, kwenye chupa ya chai. Moja alijibandika mwenyewe kwenye paji la uso, TOCHTER, yaani binti, akamfuata mama yake sokoni nalo hadi wauza dagaa wakacheka. Mara ya pili Notburga alipoambiwa ajitambulishe, sentensi iliyomtoka bila kukwama ilikuwa ile: Ich habe eine Tochter. Nina binti. Akafaulu.

Wakapeleka maombi ya viza, ya mama na ya mtoto pamoja. Picha, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha Notburga, na kile cha Careen kilichotolewa ndani ya Biblia. Careen akaanza kuaga shuleni miezi kabla ya wakati. Aligawa kabisa rula yake.

Sasa, watu wa ubalozi hawaamini karatasi kwa kuitazama tu. Humtuma mwanasheria aende kuulizia zilikotoka. Mwezi wa sita, mwanasheria huyo akatokea Maposeni kwa bodaboda, miwani, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi. Alimkuta Skolastika anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa hapo kwenye mkeka."

"Nimetumwa na ubalozi wa Ujerumani. Namuulizia Notburga. Unamfahamu?"

"Nisimfahamu mtoto wa kaka yangu!"

"Na Careen ni mtoto wa nani?"

"Wa Notburga."

Angeishia hapo, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini yule bwana alikuwa analipwa ili asiishie hapo. "Alimzaa hapahapa kijijini?"

Skolastika akacheka. Aliona nafasi ya kumpamba mwanawe mbele ya wageni wa mbali, na huyu mama akipewa nafasi ya kusifu hana breki, ndiko Notburga alikoutoa ule ulimi. "Kuzaa alizaa Oliva, marehemu. Huyu Notburga alimpokea mtoto hana hata meno ya kutosha. Binti mbichi, hajaolewa! Wanaume wakamkimbia wakidhani kajizalia, na hakumtupa mtoto. Wewe unamjua mwingine wa hivyo? Simama nikuonyeshe kaburi."

Akampeleka mpaka kaburini. Mwanasheria akaupiga picha msalaba, jina la Oliva na tarehe. Akashukuru. Skolastika alimfungia kuku miguu ampe, mwanasheria akakataa, akasema kazi yake haimruhusu. Mgeni anakataa kuku Maposeni! Mama wa watu alishangaa, lakini akajisemea labda ni wa dhehebu lingine.

Jioni hiyohiyo akapiga simu mjini kwa furaha. "Notburga mwanangu, kaja mgeni wenu. Nimekusifia mpaka koo limenikauka. Safari hiyo imeiva."

"Amekuuliza nini, shangazi?"

"Habari za Careen. Nimemweleza yote. Mpaka kaburi la mwenzio nimemwonyesha."

Notburga alikuwa anashona kaptura ya shule. Alijibu asante, akakata simu, akaendelea kukanyaga, na alipokuja kutazama alikuwa ameushona mfuko ukaziba kabisa. Moyo ulikuwa umemwambia. Alikwenda ndani akaifungua Biblia mahali cheti kilipokuwa kimekaa miaka minane, akabaki anatazama ukurasa mtupu.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Ilisema cheti cha mtoto kina maelezo yasiyo ya kweli. Ilisema mwombaji ana siku thelathini kujieleza kwa kiapo, na asipofanya hivyo maombi yote mawili yatakataliwa. Beda alipiga simu kabla Notburga hajamaliza kuisoma mara ya pili.

"Mama Careen, wanasema tumeghushi cheti."

"Hatujaghushi."

"Mimi najua. Ila kule wanaangalia aliyezaa tu. Nimemuuliza mtu anayejua mambo haya. Anasema apa kwamba si wewe uliyemzaa, ueleze ilivyokuwa. Hapo faili lako litaendelea. La Careen watalifunga. Wewe uje kwanza."

"Kwanza, halafu?"

"Halafu tutamfuata. Tutamuasili mahakamani, awe mtoto wetu kisheria."

"Lini, Baba Careen?"

Simu ikawa kimya. Notburga alidhani ni mtandao. Mtandao ulikuwa mzima.

Kwa hasira alizokuwa nazo, Jumamosi akapanda gari hadi Maposeni kwenda kugombana. Njia nzima alipanga maneno, na yalikuwa maneno makali ya kutosha kumliza shangazi yake. Akamkuta yuko kaburini kwa Oliva anang'oa majani, kwa sababu mgeni wa Ujerumani akirudi asikute pachafu. Notburga akamweleza yote palepale, amesimama, mkoba bado begani.

Skolastika alisikiliza mpaka mwisho. "Nilisema uongo?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Na wewe kwa karani ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi tumekosea wapi?"

Notburga akashusha mkoba begani. Shangazi yake akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza kulia. Alisema angelijua hivyo angekuwa bubu siku ile, angekata ulimi. Ikabidi aliyekuja kugomba ndiye abembeleze. Walikaa pembeni ya kaburi, Notburga akalia kwa sauti kama alivyolia siku ya kumzika Oliva, tena safari hii alimlaumu Oliva mwenyewe kwa kufa.

Alifikiria kubaki. Nimwambie Beda basi, alijisemea, ndoa iwe ya simu, tuzeeke hivyo. Lakini barua ilikuwa imefunga hata mlango huo: akikaa kimya, jina lake litabaki kwenye vitabu vyao kama mwongo, na mwongo harudi kuomba, si yeye wala mtoto wake. Kusaini ndiyo njia pekee ya kuacha ufa ambao labda siku moja Careen atapenya. Ni hilo lililomtesa, kwamba hata kumpigania mtoto kulianza kwa kumkana.

Careen alikuwa amesikia kila kitu. Nyumba ya vyumba viwili haina siri. "Saini, mama," alisema wakati anaosha vyombo. "Mimi nitakaa kwa bibi Skolastika nimalize la saba."

"Nani kakuuliza?" Notburga akafoka, na mara akajuta.

Wakaenda wote wawili kwa wakili, mjini, jirani na Soko Kuu. Wakili Nassoro ni mtu wa Tunduru, mpole, ana kawaida ya kusema inshallah hata anapoandika hati ya kuuza bati. Alimsikiliza Notburga bila kumkatiza. Akaanza kuandika.

"Jina kamili?"

Akataja.

"Majina mengine unayojulikana nayo?"

"Mama Careen."

Kalamu ya wakili ikasimama juu ya karatasi. Akamtazama Notburga, akamtazama Careen aliyekaa wima kwenye benchi na sare yake ya shule. "Hilo tuliache," alisema taratibu.

"Ndilo ninaloitwa. Muulize yeyote Lizaboni."

"Najua, dada yangu. Mimi mwenyewe naliita hivyo hivyo duka lako. Lakini siwezi kuliandika juu, kisha chini niandike tulichokuja kuandika."

Notburga akauliza kama haiwezekani kuweka maneno mawili matatu ya kueleza: kwamba alikabidhiwa siku ya kuondoa tanga, ukoo wote ukiwa pale. Wakili akayaweka, aya nzima, mtu mwema yule. Lakini akamwonya kwamba huko inakokwenda watasoma aya ya nne tu. Kuhusu kuasili, alisema inawezekana: ustawi wa jamii, mahakama, kurekebisha cheti kwanza. Mwaka mmoja, miwili, huenda mitatu. Careen ana miaka kumi na miwili, na kila mwaka unaopita unampunguzia nafasi ya kupewa viza kama mtoto. "Tutajitahidi, inshallah," alisema, bila kumtazama usoni.

Karatasi ikachapwa. Sheria inataka anayeapa aisome au asomewe. Notburga akaishika, lakini machozi yalikuwa yameshajaa, mistari ikaungana. Kabla wakili hajanyoosha mkono, Careen akainuka, akaichukua na kusimama karibu na meza kama wanavyosimama darasani. Akasoma kwa ile sauti ya shule, bila kuruka nukta.

"Moja. Kwamba mimi ni Mtanzania, mtu mzima, Mkristo. Mbili. Kwamba mnamo mwaka 2013 dada yangu Oliva alifariki dunia. Tatu. Kwamba nilikabidhiwa na ukoo wangu kumlea mtoto wake. Nne. Kwamba mimi si mama mzazi wa mtoto aitwaye Careen."

Akaendelea mpaka tarehe na mahali pa kusaini. Akaiweka mezani, akamgeuzia mama yake kalamu upande wa kushikia. Notburga akasaini. Wakili akagonga muhuri mara mbili, na Careen akasema, "Asante, wakili," kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Walipotoka, wakakutana na mwanamke mmoja, mteja wa zamani aliyehamia Lusewa. "Jamani Mama Careen! Huyu binti yako amekuwa mkubwa hivi!"

Careen akapiga goti kidogo. "Shikamoo. Huyu ni mama yangu mdogo," akasema.

Mteja akacheka akidhani ni utani wa watoto wa siku hizi. Notburga hakucheka. Alingoja mpaka wamevuka barabara, akamshika mtoto bega. "Umesema nini pale?"

"Nazoea."

"Unazoea nini?"

"Kusema vizuri. Wakija tena kuuliza, mimi nisikosee kama bibi. Nikikosea mara ya pili, si watakukatalia kabisa?" Alisema kwa uso mkavu, wa mtu aliyelifikiria jambo kwa siku nyingi na kuamua. "Usijali, nitazoea haraka. Kijerumani si nilizoea?"

Notburga alitaka kumwambia aache upuuzi, amuite kama siku zote. Maneno yalifika mdomoni. Kisha akaona faili, akaona viatu vyenye vumbi vikirudi tena siku yoyote, shuleni, kwa majirani, kwa mtoto mwenyewe. Akamshika mkono wakatembea hadi nyumbani.

Siku hiyo hakushona. Alikaa ndani, juu ya marobota ya vitambaa, akisikia Careen uani anawasha moto, anaosha mchicha, anaimba wimbo wa kwaya. Ugali ulipoiva, wimbo ukakatika.

"Mama mdogo!"

Jirani upande wa pili wa ukuta aliacha kutwanga, pengine asikie vizuri ni nani anayeitwa hivyo kwenye nyumba ile.

"Mama mdogo, chakula tayari!"

Notburga alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, akajikaza mpaka sauti ikakubali kutoka.

"Bee," akaitika.